Sauti Niliyosema Haikuwepo

Nyinyi wa chumba cha kuhariri mliniomba niandike kabla sijasahau. Siku ya kuniaga mlinipa daftari lenye jalada gumu, mkasema, "Mzee Kazungu, tuandikie ulivyoanza." Nadhani mlitaka visa vya kuchekesha, navyo vipo. Lakini kazi hii ya sauti nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na kila nikikaa kuandika mkono unakwenda kwenye kisa kimoja ambacho sijawahi kumsimulia mtu wa kazini, nacho hakichekeshi. Vyeo sitavitaja. Vimo kwenye faili, na mwenye haja navyo aende akalifungue.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini katika studio moja ndogo ya Mji wa Kale, ghorofani, katika nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba, upande wa Kibokoni. Mimi ni mtu wa Kaloleni, mtoto wa mwinjilisti, na nilikuwa nimesomea ufundi wa redio, yaani kuchomea waya na kubadilisha vipuri. Nilidhani nakwenda kutengeneza mashine. Fundi mkuu alikuwa Mzee Athmani, mtu mfupi mwenye kofia iliyofuliwa hata maua yake yakapotea. Aliviangalia viatu vyangu kabla ya kunitazama uso.

"Vua," akasema. "Viatu vyapiga kelele."

Akanikalisha kwenye chumba cha kurekodia, akanivika hedifoni, akaniambia niandike kila ninachosikia. Feni ilikuwa imezimwa, maana feni huingia kwenye tepu, na jasho lilinitiririka mpaka kwenye karatasi. Baada ya robo saa nilimwambia hakuna kitu. Akanirudisha. Baada ya saa nzima karatasi yangu ilikuwa na mtu anayesugua sufuria nyumba ya pili, kunguru watatu, gurudumu la mkokoteni wa hamali wa maji, cherehani, na moyo wangu mwenyewe. Mzee Athmani aliisoma, akaikunja, akasema sasa naweza kunywa chai.

Vifaa vyetu mngevicheka. Tepu zilikuwa za magurudumu makubwa kama sahani za pilau, na kuhariri kulikuwa ni kukata kwa wembe. Unaizungusha tepu kwa mkono polepole, unasikiliza neno likigeuka mngurumo, unatia alama kwa penseli ya mafuta, unakata mshazari, unaunga kwa utepe mwembamba wa gundi. Nyinyi mkikosea mnabonyeza kitufe na kosa linafutika. Sisi tulipiga magoti sakafuni tukitafuta kipande cha tepu chenye neno "karibuni". Kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na mikeka chakavu. Adhana ya msikiti wa jirani ilipolia tulisimamisha mashine, na Mzee Athmani alikuwa akinitania kwamba mimi Mkristo ndiye niliyeifurahia zaidi, kwa kuwa ndipo feni ilipowashwa.

Kuna siku moja ya Feri, pale penye kivuko, ambayo lazima niitaje. Tulikwenda kumrekodi muuza korosho kwa ajili ya kipindi cha redio, na katikati ya maneno yake kivuko kikapiga honi. Tuliporudi studio nilitaka kukata kile kipande, maana mtu hakusikika kabisa, ni honi tupu. Mzee Athmani akanizuia mkono. Akapunguza sauti nzito kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, akaongeza nyembamba, akanipa hedifoni. Chini ya ile honi, muuza korosho alikuwa akisema pole pole, "lakini hilo mke wangu halijui." Tulicheka mpaka tukashika mbavu, na kile kipande hatukukitoa hewani, kwa kumsitiri.

"Sauti ndogo ikifunikwa na kubwa haifi," Mzee Athmani alisema. "Imejificha tu. Sisi kazi yetu ni kutunza. Kusikia ni kazi ya mwenye masikio."

Niliyaandika maneno hayo kwenye daftari langu la kazi na kuyapigia mstari. Ningaliyatia moyoni badala ya kuyapigia mstari, nisingalikuwa na aibu hii ya kuwaandikia.

Kazi tuliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa ya harusi, hasa vugo, ule mchezo wa wanawake ambao hugonga pembe za nyati kwa vijiti huku wakiimba na kuitikiana. Mwanamume haingii humo. Basi sisi tulikaa na mashine nje barazani, na waya tukazipitisha dirishani. Maikrofoni mbili tulimkabidhi somo wa bibi harusi, yule mwanamke mzima anayemfunda na kumsimamia, naye ndiye aliyeziweka ndani. Ya kulia ilikaa karibu na waimbaji. Ya kushoto aliiweka mwenyewe alipoona panafaa, na sisi hatukuwahi kukiona chumba. Tulikijua kwa masikio: hapa kuna ukuta, kule kuna ua, yule ameketi karibu na mlango. Mzee Athmani alimwamini somo kuliko alivyoniamini mimi. Na kila upande ulibaki peke yake kwenye tepu.

"Kulia na kushoto usiwaozeshe," aliniambia. "Wakitaka, wataoana wenyewe kitwani mwa msikilizaji."

Miongoni mwa tepu za vugo ilikuwako moja ya kabla ya wakati wangu, ya harusi ya Bi. Rukia wa Kibokoni. Haikuwa mali yetu. Juu ya boksi Mzee Athmani aliandika kwa mkono wake: Amana ya Bi. Rukia. Isitolewe nakala. Alinieleza sababu. Mamake Bi. Rukia, kabla ya kufariki, aliusia sauti yake isije ikazunguka kwenye kaseti na kusikilizwa madukani na wanaume wasiomhusu. Ndiyo maana nyumbani kwao hapakuwa na kaseti hata moja, na tepu ilikaa kwetu. Mimi nilisikia maneno hayo na sikuuliza sauti ya mama mtu imeingiaje kwenye tepu ya harusi, wakati waimbaji wa vugo wanajulikana.

Kila mwaka mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya mfungo, Bi. Rukia alikuja alasiri moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, wa miaka hamsini hivi, mwenye kucheka kwa macho. Tulisalimiana masalkheri, tukaulizana watu wa nyumbani mmoja mmoja, kisha nikamwekea tepu, nikamvika hedifoni, nikatoka na kumfungia mlango. Kwenye kioo cha mlango nilikuwa nikimwona akizungusha swichi moja ya mashine, akifumba macho, akitulia. Nusu saa baadaye alitoka akijifuta kwa ncha ya buibui. "Mungu akulipe kheri, Fundi," alisema, na tukaonana mwaka mwingine. Miaka yote hiyo nilidhani anakumbuka harusi yake.

Mzee Athmani alistaafu kwa ajili ya macho, akahamia kwa mwanawe huko Kisauni, nami nikawa fundi mkuu. Muda si mrefu, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, mwenye studio alileta kompyuta. Pamoja nayo alikuja Saumu, binti wa mtaa wa Tudor aliyesomea mambo hayo, mkali wa akili na mfupi wa maneno. Jamaa wa mwenye studio alikuwa ameleta kutoka Dubai programu ya kubana sauti na kurasa kadhaa za maelezo. Nilizisoma zile kurasa usiku na mchana, na sitawadanganya, zilinilevya.

Nyinyi mnabana sauti kila siku bila kufikiri, basi niwaambie kinachotendeka. Wataalamu waliwakalisha watu kwenye vyumba vya kimya, wakawapigia sauti moja moja na mbili mbili, wakaandika kila walichosikia na kila walichokikosa. Wakagundua kwamba sikio lina uvivu wake. Sauti kubwa ikilia, ile ndogo inayokaribiana nayo kwa uzito au wembamba hatuisikii kabisa. Na kubwa ikishanyamaza, kwa muda kama wa kupepesa jicho, sikio bado limezibwa. Basi programu huikata sauti vipande vidogo vidogo, na katika kila kipande huuliza: hapa mwenye nguvu ni nani, na nani amekaa kivulini mwake? Mwenye nguvu huandikwa vizuri. Wa kivulini huandikwa kwa mkato na ovyo, au haandikwi. Zile sauti nyembamba kabisa za juu, ambazo wazee hatuzipati, huachwa mlangoni. Kinachobaki ni kidogo sana, hata sehemu moja ya ishirini, na sikio haliulizi chochote.

Nikawa mhubiri wa jambo hilo kuliko marehemu babangu alivyohubiri lake. Nilimsimamisha kila aliyepanda ngazi, hata aliyeleta barua. Nilifanya na jaribio. Niliwakalisha mwenye studio, karani wetu na mama wa chai, nikawapigia wimbo mmoja mara mbili, wa tepu na uliobanwa, nikawauliza upi ni upi. Hakuna aliyejua. Saumu peke yake alitikisa kichwa.

"Haya matoazi yasikika kama yamo majini," akasema.

Nikamwambia masikio yake yamezidi. Watu wakacheka, naye akarudi mezani kwake.

Kile chumba cha tepu kilikuwa kinaliwa na unyevu na mchwa, na mwenye studio alitaka kiwe ofisi. Aliniachia mimi niamue namna ya kuzihamisha tepu kwenye kompyuta. Hilo nalisisitiza, msije mkamlaumu asiyehusika. Kompyuta za wakati ule tumbo lao lilikuwa dogo. Saumu alishauri tepu za zamani tusizibane sana, na pande mbili tuziache mbili. Mimi nikasema ni kupoteza nafasi. Nyingi za hizi ni vugo na kaswida, nikamwambia, nani atajua kulia na kushoto? Tuunganishe ziwe upande mmoja, kisha tubane kwa nguvu.

"Na za amana?" Saumu aliuliza. Alikuwa ameshika boksi la Bi. Rukia.

"Hatutoi nakala," nikasema. "Tunaihamisha. Ndani ya kompyuta itakuwa salama zaidi, hakuna mtu wa kaseti atakayeifikia."

Nilijiona nimejibu vizuri. Mzee Athmani alikuwa Kisauni, mwendo mfupi tu kuvuka daraja, na kwenda kumuuliza kungenichukua nusu siku. Sikwenda.

Tepu mpya hazikuwa zikipatikana tena kirahisi, na ilikuwa desturi yetu toka zamani kuifuta tepu isiyohitajika na kuitumia tena. Tulikuwa na kifutio cha sumaku, kitu kizito kama pasi ya mkaa. Unaiweka tepu, unazungusha kifutio juu yake mara tatu, unakiondoa polepole, basi. Tulipokwisha kuihamisha, niliifuta tepu ya Bi. Rukia kwa mkono wangu, asubuhi, nimeshiba, huku nikipiga mluzi. Wiki hiyo hiyo tukarekodi juu yake tangazo la mabati.

Shaaban ikaingia, na Bi. Rukia akaja. Nilimweleza kwa bashasha kwamba amana yake sasa imo kwenye kompyuta, haitaoza wala haitaliwa na mchwa. Alifurahi. Saumu alikuwa mezani kwake. Bi. Rukia akavaa hedifoni, akasikiliza kidogo, akatazama huku na huku.

"Iko wapi ile swichi ya kuzungusha?"

"Ipi, Bi. Rukia?"

"Ile ya kuipeleka sauti yote mkono wa kushoto."

Saumu akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta, akaisogeza kushoto kabisa. Bi. Rukia akafumba macho, kisha akayafumbua.

"Mbona pembe ziko huku? Huku hapana pembe. Pembe zasikika mbali, nyuma ya ukuta." Akangoja. "Mamangu yuwapi?"

Nikajifanya sielewi. Ndipo akanieleza, akiwa bado amevaa hedifoni, kwa sauti ya juu kidogo kama wanavyosema watu waliozibwa masikio. Siku ya harusi yake mama hakukaa na waimbaji. Alikuwa jikoni na masufuria, na somo aliiweka ile maikrofoni ya pili kwenye mlango wa jikoni. Watu wakiimba chumbani, mama akiitikia peke yake jikoni, polepole, huku anakoroga. Ukisikiliza pande zote mbili humsikii, pembe zamfunika. Ukizungusha kushoto kabisa, pembe zaenda nyuma ya ukuta, na mama yuko hapa. Hapo akagusa sikio lake la kushoto. Hakuna mahali pengine duniani palipobaki sauti ya mamake.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Badala yake nikasema hivi, na nayaandika kama nilivyoyasema: "Bi. Rukia, samahani, lakini sauti hiyo haikuwepo. Sikio la binadamu, likiwa na hamu, hujitungia. Wataalamu wamelipima jambo hili. Tepu ilikuwa chakavu, na katika mchakacho wa tepu mtu husikia anachokitaka. Kompyuta imeondoa mchakacho, ndiyo maana husikii tena."

Nilisema kwa upole na kwa ustadi. Nilitumia elimu yote niliyoipata kwenye zile kurasa. Bi. Rukia akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu, akasema labda ndivyo. Aliteremka ngazi akishika ukuta.

Saumu hakunitazama. "Fundi, tulichanganya pande mbili," akasema.

"Najua."

"Basi kwa nini..."

"Najua, Saumu."

Alijaribu siku mbili kumtafuta yule mama ndani ya kile kilichobaki. Alipunguza hiki, akaongeza kile, kama Mzee Athmani alivyofanya kwa honi ya kivuko. Lakini honi ile ilikuwa kwenye tepu, na tepu haikuchagua cha kuhifadhi. Programu ilichagua. Mahali alipokuwa mama palitoka kitu kama maji yanayoanza kuchemka, basi. Kilichoandikwa kwa mkato hakirudi, na kisichoandikwa hakirudi zaidi.

Jioni ile ile aliyokuja Bi. Rukia nililitafuta lile boksi kwenye takataka za ofisi. Ndani ya kifuniko palikuwa na karatasi ya maelezo ambayo sikuwahi kuisoma, kwa mwandiko wa Mzee Athmani. Kulia: waimbaji na pembe. Kushoto: mlango wa jikoni, mama wa bibi harusi anaitikia. Pande zisichanganywe. Nilikaa na karatasi ile mkononi, nikaona haya hata ya kuta. Ushahidi nilikuwa nao, nyumba ya Bi. Rukia ilikuwa mwendo wa dakika tano kwa miguu, nami nikaitia karatasi kwenye droo, nikaifunga kwa ufunguo. Nilijiambia kumweleza ni kumuumiza mara ya pili. Ukweli ni kwamba niliogopa watu wa Kibokoni wajue fundi Kazungu amefuta amana. Mwaka ule Mzee Athmani alifariki. Nilikwenda mazikoni, nikasimama nyuma, sikuwa nimemwambia.

Shaaban nyingine ikaja. Sikumtarajia Bi. Rukia, lakini alipanda ngazi, amekonda kidogo, amebeba sahani iliyofunikwa kwa kitambaa.

"Masalkheri, Fundi. Sikuja kusikiliza. Nimekuja kukushukuru."

Nikamwuliza kwa lipi.

"Mwaka jana ulinambia kweli, na hukunicheka. Niliporudi nyumbani nikasema, basi yawezekana masikio yangu ndiyo yaliyoharibika. Nikenda kwa daktari wa masikio. Akanitia kwenye chumba, akanipigia milio, membamba, minene, niinue mkono kila nikisikia." Akacheka kidogo. "Asema masikio yangu ni ya msichana. Basi nikajua ubovu si wa masikio, ni wa kitwa. Ni hamu, kama ulivyosema. Hata ule wosia wa mama, labda alihofu tu kwamba alisikika."

Akaendelea, huku akiifunua sahani.

"Nimewaambia na wanangu. Miaka yote nilikuwa nikiwaambia nyanya yenu yuwaimba mle. Nikawakalisha, nikawaambia, nilikosea, nyanya yenu hakuimba. Yafaa mtu akijua kosa lake aliseme. Karibu mkate wa sinia, nimeupika leo."

Na mimi nikaula. Alisimama akingoja nionje, nikaonja, nikasema mtamu. Saumu aliondoka chumbani.

Nilikaa siku tatu baada ya hapo. Siku ya kwanza Saumu hakunisemesha. Ya pili alinisemesha mambo ya kazi tu. Ya tatu, baada ya alasiri, nilifungua droo, nikachukua ile karatasi, nikatembea mpaka nyumbani kwa Bi. Rukia. Nilipita mlango wao mara mbili kabla ya kupiga hodi. Barazani walikuwapo wazee wawili, nikawaamkia, wakaniitikia kwa heshima ambayo sikustahili.

Bi. Rukia mwenyewe alinipokea kwenye ukumbi wa chini. Nikakataa kuketi. Nilimwambia yote kwa mpango, kama ninavyowaandikia hapa: kuunganisha pande, kubana, sumaku, mabati. Kisha nikampa karatasi. Aliisoma mara moja, akaisoma tena, kidole kikifuata mstari.

"Alikuwako," akasema.

"Alikuwako, Bi. Rukia."

"Na wewe siku ile ulikuwa wajua?"

"Sikuwa na hakika ulipouliza. Jioni yake nilikuwa na hakika."

"Mwaka mzima."

"Mwaka mzima."

Nilitaka anitukane. Mtu akikutukana unapata pa kushika. Yeye aliikunja karatasi, akaitia kifuani, akanitazama, na yale macho ya kucheka hayakucheka.

"Mimi nimejiona mwenda wazimu," akasema polepole. "Nimemkana mamangu mbele ya wanangu. Hayo siwezi kuyafuta mimi. Utayafuta wewe. Ndoo, nifuate."

Akanipandisha juu, mahali ambapo mwanamume wa nje hafiki kwa kawaida, akapiga ukelele watu wajisitiri. Walikuwa binti zake wawili na watoto wao, wameketi kwenye mkeka, wanachagua mchele kwa ajili ya mfungo. Wote wakaacha mikono.

"Huyu ni fundi," Bi. Rukia akasema. "Ana maneno."

Nilisimama bila viatu mbele ya mkeka ule. Nimewahi kusimama mbele ya wakubwa wengi baada ya siku hiyo, wenye tai na walinzi, na sijawahi kuogopa vile. Nikasema: "Nyanya yenu aliimba kwenye ile tepu. Mama yenu alimsikia kweli, miaka yote. Hakukosea. Sauti ilikuwepo, na aliyeifuta ni mimi, kisha nikamwongopea kwamba haikuwepo." Binti mkubwa akajifunika uso kwa leso. Mdogo alimsogelea mamake, akamshika mkono, na Bi. Rukia akamwachia mkono wake.

Kulikuwa na msichana wa miaka saba au minane, mjukuu, ambaye mchele haukumshughulisha. Alikuwa akinisikiliza kwa makini.

"Akiimba nini?" akaniuliza.

Nilimgeukia Bi. Rukia anisaidie. Yeye alijua. Alikuwa ameyasikia maneno yale kila Shaaban, neno kwa neno, huku mimi nimesimama nyuma ya mlango.

"Mjibu," akasema. "Wewe ndiye uliyekuwa nayo."

Nilikuwa nayo miaka saba, kwenye rafu ya pili, karibu na dirisha. Ilikuwa kazi ya kuvaa hedifoni na kuzungusha swichi moja.

"Sijui," nikamwambia mtoto. "Sikusikiliza."

Hakuelewa. Akabaki akinitazama, punje za mchele mkononi, akingoja nimwimbie.